Utengamao Baada ya UVIKO-19: Kutoka Kitandani Hadi Shambani

Utengamao ni huduma ya afya inayomrudishia mgonjwa uwezo alioupoteza kwa sababu ya maradhi au jeraha: uwezo wa kupumua bila taabu, kusimama, kutembea, kumeza, kuzungumza, kukumbuka na kufanya kazi zake za kila siku. Dawa hupambana na kijidudu na hatari ya papo kwa papo. Utengamao hushughulikia yale ambayo kijidudu, na hata kitanda cha hospitali chenyewe, vimeyaharibu mwilini. Anayeongoza kazi hiyo mara nyingi ni mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye eneo lake ni misuli, viungo na pumzi. Pamoja naye yupo mtaalamu wa tiba kwa vitendo, anayemfundisha mgonjwa upya kuoga, kuvaa na kupika. Yupo wa matamshi na umezaji, yupo wa saikolojia, yupo fundi wa viungo bandia na vifaa saidizi. Mahali ambapo wataalamu hao hawapatikani, na katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki hawapatikani, sehemu ya kazi yao huangukia mikononi mwa muuguzi wa zahanati, mhudumu wa afya wa kijiji na ndugu wa mgonjwa.

Haja ya huduma hii ilionekana waziwazi wakati wa UVIKO-19. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza kuwa ugonjwa huo ni janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi, na Tanzania tarehe 16 Machi, mgonjwa akiwa msafiri aliyerejea kutoka Ubelgiji na kugundulika Arusha. Mwanzoni mwa Mei mwaka huo hesabu ya Tanzania ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na takwimu hazikutolewa tena hadi mwaka 2021. Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021. Kwa mkoa kama Mara, pengo hilo la takwimu lina maana nzito: wapo watu walioshikwa na kile kilichoitwa wakati ule "changamoto ya kupumua", wakauguzwa nyumbani, wakainuka, na hawakuwahi kupimwa. Watu hao hawana cheti kinachosema waliugua nini. Wana kifua kinachokatika pumzi wanapopanda kilima, basi. WHO iliondoa tangazo la dharura tarehe 5 Mei 2023, lakini tangazo la aina hiyo halirudishi nguvu za mtu.

Ili kuelewa kwa nini mtu aliyepimwa na kuonekana hana tena virusi bado anaweza kuwa dhaifu, ni lazima kutazama ugonjwa wenyewe unavyofanya kazi. Katika hali kali, virusi vya korona hushambulia vifuko vidogo vya hewa vilivyomo ndani ya mapafu. Vifuko hivyo huvimba na kujaa majimaji, na oksijeni hushindwa kupita kwenda kwenye damu. Kwa wengi mapafu husafika baada ya wiki au miezi kadhaa, ila kwa baadhi hubaki makovu yanayoyafanya yawe magumu kutanuka. Damu nayo huelekea kuganda kwa urahisi, na mabonge yake yanaweza kuziba mishipa ya mapafu, ya moyo au ya ubongo. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa walipata kiharusi katikati ya ugonjwa ambao watu waliuona kuwa ni wa kifua tu.

Yapo pia madhara ya kulala. Mwaka 2013, miaka saba kabla ya janga, watafiti wa London walichapisha vipimo vya msuli wa mbele wa paja kwa wagonjwa mahututi. Katika siku 10 za mwanzo msuli huo ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 18. Mgonjwa wa UVIKO-19 aliyehitaji mashine ya kusaidia kupumua mara nyingi alikaa kitandani muda mrefu zaidi ya huo. Kiwambo, yaani msuli mpana ulio chini ya mapafu na unaofanya kazi kubwa ya kuvuta hewa, hudhoofika kwa sababu mashine imebeba kazi yake. Mpira uliopitishwa kooni huacha sauti ya kukwaruza na kumeza kwa shida. Mishipa ya fahamu huathirika, mikono na miguu ikafa ganzi. Akili nayo hupata pigo: kuweweseka wakati wa ugonjwa, kisha usingizi wa mang'amung'amu, hofu, sonona, na kumbukumbu isiyoshika. Mkulima aliyekuwa akijitwisha gunia la mahindi hurudi nyumbani akishindwa kunyanyua ndoo ya maji, na jamaa zake, wakiona hana homa wala kikohozi, huanza kunong'ona kwamba amekuwa mvivu. Dhana hiyo inaumiza, na haina ukweli wowote.

Udhaifu wa muda mrefu hauwapati waliolazwa peke yao. Oktoba 2021 WHO ilitoa maelezo rasmi ya hali inayofuata UVIKO-19: ni dalili ambazo kwa kawaida huonekana ndani ya miezi mitatu tangu mtu augue, hudumu angalau miezi miwili, na haziwezi kuelezwa na ugonjwa mwingine. Kubwa ni uchovu, kuishiwa pumzi, na ubongo kushindwa kukaza fikra. Makadirio ya shirika hilo ni kwamba watu wapatao 6 katika kila 100 walioambukizwa hupata hali hiyo, na miongoni mwao wamo waliougua kidogo tu.

Janga hili si la kwanza kuwalazimisha madaktari kufikiria maisha ya mgonjwa baada ya hatari kupita. Fani yenyewe ya utengamao ilikua kutokana na vita kuu za karne ya 20 na kutokana na polio. Nchini Australia muuguzi Elizabeth Kenny aliacha desturi ya kuvifunga viungo vilivyopooza kwa vibao na plasta, akatumia nguo zenye joto na mazoezi. Mwaka 1940 aliipeleka njia hiyo Marekani, na mwaka 1942 taasisi yenye jina lake ilifunguliwa Minneapolis. Mwaka 1952 polio ililipuka Copenhagen, Denmark, ikapoozesha misuli ya kupumua ya mamia ya watu. Daktari Bjørn Ibsen alishauri watobolewe koo na kupulizwa hewa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari zaidi ya 1,000 walipokezana kando ya vitanda, usiku na mchana, wakiminya mifuko ya hewa. Vyumba vya uangalizi maalumu vya leo vina asili yake hapo. Lakini kilichofuata Copenhagen hakisimuliwi sana: waliookolewa kwa njia hiyo walihitaji miezi, wengine miaka, ya kufundishwa upya kupumua, kukaa na kutembea.

Tanzania iliona polio yake ya mwisho ya virusi vya asili mwaka 1996, na ikathibitishwa kuwa huru na ugonjwa huo mwaka 2015. Walioachwa na ulemavu wa polio waliendelea kuhitaji fiziotherapia. Mkoani Mara ilikuwepo pia historia ya ukoma: Hospitali ya Shirati, wilayani Rorya, iliyoanzishwa na Wamennonite katika miaka ya 1930, iliwatunza wagonjwa wa ukoma kwa miongo mingi. Mgonjwa wa ukoma hapati faida ya kutosha kwa vidonge peke yake. Vidole vinavyopinda vinahitaji mazoezi, na nyayo zisizohisi maumivu zinahitaji viatu vya kuzilinda. Kwa hiyo wazo kwamba tiba huendelea baada ya kijidudu kufa si geni mkoani Mara.

Karibu zaidi na wakati huu yapo mafunzo ya Ebola na Marburg. Mlipuko wa Ebola wa mashariki mwa Kongo, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, uliua watu zaidi ya 2,200 na kuacha manusura zaidi ya 1,100. Ilikwishafahamika kutoka Afrika Magharibi kwamba manusura wa Ebola hubaki na maumivu ya viungo, uchovu na uvimbe ndani ya jicho unaoweza kuwapofusha. Huko Beni na Butembo, kwa hiyo, manusura walifunguliwa kliniki za kuwafuatilia mwili, macho na hali ya nafsi. Mkoani Kagera, ng'ambo ya pili ya Ziwa Viktoria ukitazama kutoka Mara, Marburg ilitangazwa Machi 2023 ikawapata watu 9, sita walifariki. Watatu walionusurika walirudi katika vijiji vyenye hofu. Kurudi katika jamii nako ni sehemu ya utengamao, na mara nyingine ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu hakuna zoezi la viungo linaloweza kumlazimisha jirani kushika mkono wa aliyepona.

Utengamao mzuri huanza mgonjwa angali kitandani. Katika UVIKO-19 kali, kumlaza mgonjwa kifudifudi kwa saa kadhaa kulisaidia hewa kufika sehemu za mapafu zilizokuwa zimebanwa. Kumgeuza mara kwa mara huzuia vidonda vya mgandamizo. Pindi hali inaporuhusu, mgonjwa hukalishwa ukingoni mwa kitanda, akaning'iniza miguu, kisha akasimama akishikwa, kisha akapiga hatua mbili tatu huku kipimo cha oksijeni kikiwa kidoleni. Hayo huonekana madogo. Kwa misuli inayopungua kila siku ni kazi kubwa, na muuguzi anayemsimamisha mgonjwa wake mapema anamfupishia miezi ya udhaifu.

Kazi iliyo ndefu zaidi hufanyikia nyumbani, na ndipo habari hii inapowahusu watu wa Nyakunguru, mkoani Mara. Katika eneo hilo na jirani zake za wilaya za Tarime na Serengeti, riziki hutafutwa kwa nguvu za mwili. Kaya nyingi hulima mahindi, mihogo, mtama na ulezi, hufuga ng'ombe na mbuzi. Baadhi ya vijana huenda Nyamongo kwenye machimbo ya dhahabu. Maji na kuni hubebwa, na mzigo huo huwaangukia wanawake na watoto wa kike. Mtu wa ofisini mwenye pumzi fupi anaweza kukaa na kompyuta yake. Mama wa Nyakunguru mwenye pumzi fupi anasubiriwa na ndoo, jembe na jiko la kuni lenye moshi. Utengamao wake hauwezi kuwa nakala ya kijitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mji wa Ulaya. Ni lazima uanzie kwenye kazi zake.

La kwanza ni pumzi yenyewe. Mtu anayeishiwa pumzi huvuta hewa haraka haraka kwa mabega na sehemu ya juu ya kifua, jambo linalomchosha zaidi na kumtia hofu. Hufundishwa kukaa na kuinama mbele, viwiko vikiwa juu ya magoti au juu ya meza, mabega yakiwa yamelegea. Akiwa njiani anaweza kusimama na kuegemea mti au ukuta. Kisha huvuta hewa taratibu kwa pua, tumbo likitanuka, na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa kidogo, kama anayepuliza chai ya moto bila kutaka kuimwaga. Kutoa hewa kuchukue muda mrefu kuliko kuivuta. Zoezi hili halihitaji kifaa wala fedha, na linaweza kufundishwa kwa dakika chache na mtu yeyote aliyefundishwa vyema.

La pili ni kurudisha nguvu kwa ngazi. Mwongozo ambao WHO iliutoa kwa waliougua UVIKO-19 unagawa kurudi kwenye mazoezi na shughuli za mwili katika hatua tano, na unashauri mtu akae angalau siku saba katika kila hatua kabla ya kupanda nyingine. Mgonjwa hujipima mwenyewe kwa namba kuanzia 0, yaani amepumzika kabisa, hadi 10, yaani nguvu zimemwishia. Kipimo kingine rahisi ni mazungumzo: mtu anayeweza kusema sentensi nzima akiwa anafanya kazi bado yuko salama, anayekatiza kila neno amepita kiasi. Kwa maisha ya kijijini hatua ya kwanza inaweza kuwa kujinyoosha viungo na kutembea uani. Ya pili ni kazi za kukaa na za mwendo mwepesi: kuchambua maharage, kumenya mihogo, kufagia sehemu ndogo ya uwanja, kwenda kwa jirani wa karibu na kurudi. Katika ya tatu mtu hubeba maji, lakini nusu ndoo. Hupanda kilima, lakini kwa vituo. Hupalilia mistari michache asubuhi kabla jua halijawa kali. Kulima kwa plau, kukimbizana na ng'ombe na kubeba gunia ni kazi za hatua mbili za mwisho. Kwa miguu iliyodhoofika, zoezi bora ni kukaa kwenye kiti na kusimama bila kushika popote, mara chache chache, mara kadhaa kwa siku.

Zoezi hilo hilo la kiti ni kipimo pia. Mhudumu humwomba mtu asimame na kukaa kwa dakika moja, huhesabu mara alizofaulu, na kuangalia kipimo cha oksijeni kabla na baada. Mtu mwenye afya huwa na asilimia 95 au zaidi. Ikishuka kwa pointi nne au zaidi baada ya dakika hiyo, mapafu yanahitaji kuchunguzwa. Ikiwa chini ya 90 akiwa amepumzika, ni hatari na anatakiwa hospitalini bila kuchelewa. Zahanati yenye kiti imara, saa na kipimo cha kidoleni inaweza kufanya uchunguzi huu leo.

Lipo onyo ambalo wahimizaji wa mazoezi hulisahau. Kwa baadhi ya watu wenye dalili za muda mrefu, kazi ndogo ya mwili au ya akili huwaangusha vibaya, si papo hapo, bali baada ya saa kadhaa au kesho yake, na wanaweza kulala siku nzima au zaidi. Kwa hao, kuongeza mazoezi kila wiki ni kuwaumiza. Wanachohitaji ni kugawanya nguvu zao: kupumzika kabla ya kuchoka, kufanya kazi nzito moja tu kwa siku, kuoga na kupika wakiwa wamekaa kwenye kigoda, kuachia wengine kuchota maji. Hapo familia ndiyo dawa. Mume atakayetuma ndoo kwa mwingine kwa miezi miwili mitatu, au kuichota mwenyewe, amefanya kazi ya utengamao ambayo hakuna hospitali inayoweza kuifanya badala yake.

Chakula kina nafasi yake, kwani msuli haujengwi kwa zoezi tupu. Uji wa ulezi na ugali wa mhogo hutoa nguvu, lakini msuli hutaka protini: dagaa wa Ziwa Viktoria, maziwa, mayai, maharage, karanga. Kaya nyingi za wafugaji zina maziwa, na mgonjwa anastahili kupewa sehemu yake hata kama mengine yanauzwa. Mwenye shida ya kumeza alishwe akiwa ameketi wima, kwa tonge ndogo na uji mzito kidogo badala ya majimaji yanayompalia, na asilale hadi nusu saa ipite. Aliyepoteza uwezo wa kunusa anaweza kuuzoesha upya: mara mbili kwa siku, kwa miezi kadhaa, ananusa harufu nne tofauti kwa utulivu, moja baada ya nyingine. Katika utafiti wa Ulaya zilitumika waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Karafuu za Zanzibar zimo dukani, na majani ya mkaratusi yanapatikana Tarime yenyewe.

Wakati wa janga Watanzania wengi walijifukiza kwa nyungu, na wengine wameendelea. Mvuke unaweza kulegeza pua iliyoziba. Hauondoi makovu ya mapafu wala haurudishi misuli, na sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi imewaunguza watu. Anayependa kujifukiza asiache mazoezi ya kupumua kwa sababu hiyo.

Zipo dalili ambazo hazitakiwi kusubiri zoezi lolote: maumivu ya kifua, pumzi inayozidi kuwa nzito hata mtu akiwa amekaa, kuzimia, mguu mmoja kuvimba, uso kwenda upande au mkono kulegea ghafla, kukohoa damu. Kwa Nyakunguru na jirani zake liongezwe jingine. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu. Si kila pumzi fupi ya leo ni masalia ya korona. Katika eneo la machimbo, kifua kikuu na vumbi la mawe lenye silika huharibu mapafu polepole, na anayepasua au kusaga mawe bila kinga anaweza kuwa na mzigo wa yote mawili. Habari njema ni kwamba njia ya kuwasaidia inafanana. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti wa Uganda waliwapa watu waliopona kifua kikuu lakini wakabaki na mapafu mabovu programu ya wiki sita, mara mbili kwa wiki, ya mazoezi na mafunzo. Walimaliza wakitembea mbali zaidi kuliko walivyoanza, na maumivu na kuishiwa pumzi vikiwa vimepungua. Mashine za gharama hazikuhitajika. Kilichohitajika ni mtu aliyefunzwa, nafasi ya kutembea, na wagonjwa kuweza kufika.

Kufika ndiko kunakoshinda. Mgonjwa wa Nyakunguru huanzia zahanati, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya ya Tarime au Hospitali ya Nyerere iliyopo Mugumu, Serengeti. Juu yake ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa, Musoma, na juu yake Bugando, Mwanza, umbali wa zaidi ya kilometa 200. Fiziotherapia huhitaji kurudiwa mara nyingi, na nauli ya bodaboda na basi kila wiki, kwa mtu ambaye tayari hafanyi kazi, hulipwa kwa kuuza mbuzi. Wataalamu wenyewe ni wachache. Chuo cha fiziotherapia cha KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafunza tangu miaka ya 1970, na hapo hapo Moshi chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kilianza mwaka 1981 na kuhudumia nchi nyingi za Afrika. Lakini wahitimu wengi hubaki mijini, katika hospitali kubwa.

Oktoba 2021 serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3, kutokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19. Fedha hizo zilijenga madarasa, miradi ya maji, vyumba vya wagonjwa mahututi na vya dharura, zikanunua magari ya wagonjwa na mitambo ya oksijeni. Ulikuwa uwekezaji uliohitajika sana. Hata hivyo kila chumba cha mahututi kinachookoa maisha huzalisha watu wanaohitaji utengamao, na kujenga chumba hicho bila kuajiri wataalamu wa utengamao ni kuacha kazi katikati. Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Utafiti mkubwa wa mwaka 2020 ulikadiria kwamba watu bilioni 2.4 duniani, mmoja kati ya watatu, wana hali ya kiafya inayoweza kunufaika na utengamao, na Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziingize huduma hiyo katika afya ya msingi, karibu na wananchi.

Tanzania inayo njia ya kufanya hivyo. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwafunza zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Hao ndio wanaofika nyumbani, wanaojua mgonjwa anachota maji wapi na analala wapi, na wanaoweza kumweleza bibi wa Kikurya zoezi la kupumua kwa lugha yake. Wafundishwe mambo machache: mikao ya kupunguza pumzi nzito, hatua tano za kurudi kwenye shughuli, kipimo cha kiti, dalili za hatari. Mtaalamu wa fiziotherapia wa wilaya awatembelee kwa zamu na kupokea wale waliowashinda, badala ya kusubiri kila mtu apande gari kwenda kwake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itakuwa na faida kamili kwa watu hawa iwapo mazoezi tiba yatalipiwa kama dawa inavyolipiwa.

Kwa sasa hatua iliyo karibu kuliko zote ni karatasi ya kuruhusiwa hospitalini. Mara nyingi huandikwa dawa na tarehe ya kurudi, basi. Iandikwe pia mgonjwa afanye mazoezi gani, mara ngapi, aache nini na kwa muda gani, na nakala ifike zahanati ya kijiji chake. Na yeyote aliyeugua kifua miaka hiyo ya janga, awe alipimwa au hakupimwa, ambaye bado hajapata nguvu zake, aende zahanati aseme hivyo waziwazi, aombe kupimwa oksijeni na kifua kikuu, na asiondoke kabla hajaonyeshwa zoezi la kufanya nyumbani.